Kuhesabu kwa Kihindi kabla ya kuhamia Delhi: jibu kwa mama wa watoto wawili

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka mitano na minane, tunaishi Morogoro. Mume wangu amepata nafasi ya masomo Delhi nasi tutamfuata. Nimebandika ukutani chati ya namba za Kihindi, moja hadi mia. Kumi za kwanza walizishika upesi, ishirini walifika kwa taabu, na baada ya hapo wamekwama. Mkubwa ameshasema hataki tena. Mimi mwenyewe Kihindi changu ni cha kuokoteza kwenye filamu. Nakosea wapi? Ningependa pia wajue utamaduni wa watu tunaokwenda kuishi nao kupitia hesabu hizi hizi, lakini sitaki waingizwe kwenye ibada za dini nyingine bila mimi kuelewa kinachofanyika.

Jibu: Mama, watoto wako hawajashindwa. Wamekwama pale ambapo kila mgeni wa Kihindi hukwama, na kilichowakwamisha ni hiyo chati. Katika Kiswahili, mtoto akishajua moja hadi tisa na majina ya makumi, mia nzima imeshakuwa yake, kwa sababu ishirini na tano, thelathini na tano na hamsini na tano zinajengwa kwa kanuni moja isiyobadilika. Kihindi hakina kanuni ya namna hiyo. Tano ni panch, lakini 25 ni pachchis, 35 ni paintis, 45 ni paintalis, 55 ni pachpan, 65 ni painsath, 75 ni pachhattar, 85 ni pachasi na 95 ni pachanve. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba ile tano imo mwanzoni mwa kila moja, ila imevaa nguo tofauti kila mahali, kwa sababu maneno haya yalikuwa marefu na yenye mpangilio katika Kisanskriti, kisha karne nyingi za kutamkwa haraka zikayafupisha kila moja kwa njia yake. Matokeo yake ni kwamba anayejifunza Kihindi analazimika kuzikariri namba za chini ya mia karibu moja moja. Watoto wa Kihindi wenyewe huzipata kwa kuziimba darasani kwa miaka, na huko Delhi utakutana na watoto wengi wanaosoma shule za Kiingereza ambao ukiwauliza 69 kwa Kihindi watasita kabla ya kukumbuka kuwa ni unhattar. Kwa hiyo iteremshe chati, umweleze na mkubwa kwamba umeiteremsha kwa sababu haikuwa ya haki kwake.

Mahali pa chati ninapendekeza mpango ambao haufuati ngazi ya moja hadi mia hata kidogo. Wafundishe kumi za kwanza hadi ziwe ulimini kabisa, kisha wafundishe kila namba nyingine pale inapoishi katika maisha ya watu wa Delhi: kwenye noti, kwenye saa, kwenye sikukuu, kwenye mchezo, kwenye bakuli la mchuuzi. Namba isiyo na makazi iache, itakuja yenyewe. Ukifanya hivyo utamaduni hautakuwa somo la pili la kubebesha juu ya hesabu, kwa sababu huwezi kueleza kwa nini mtu anatoa zawadi ya rupia 101 badala ya 100 bila kueleza jambo fulani kuhusu watu hao.

Kumi za kwanza ni ek, do, tin, char, panch, chhe, sat, ath, nau, das. Nimeziandika kwa herufi zetu, na hapo pana mtego ambao vitabu vya Kiingereza haviwezi kukuonya. Ukiona th katika Kihindi kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, usiisome kama th ya thelathini. Ni t inayotolewa na pumzi, na katika ath, yaani nane, ncha ya ulimi hupindwa nyuma kidogo ikagusa kaakaa kabla ya pumzi kutoka. Vivyo hivyo chhe, yaani sita, ni ch yenye pumzi, wakati char, yaani nne, ni ch ya kawaida kama ya chai. Ukiwa na rafiki aliyekulia Mombasa au Lamu mwombe atamke paa la nyumba na p'aa wa porini, kaa la moto na k'aa wa pwani. Tofauti anayoifanya yeye bila kufikiri ndiyo Kihindi kinayoitaka kila siku. Waweke watoto karatasi nyepesi mbele ya midomo wakati wanatamka: kwa char itatulia, kwa chhe itaruka. Wa miaka mitano atafurahia mchezo huo kuliko wa miaka minane, na huenda atautamka vizuri kuliko nyote.

Kuna habari njema kwa anayetoka katika Kiswahili. Namba ya Kihindi haibadiliki kufuata ngeli. Hakuna wawili, viwili, mawili na mbili. Ni do tu, kwa watu, vitu na wanyama, nayo hutangulia jina. Kinachobadilika ni jina lenyewe: ndizi moja ni ek kela, ndizi mbili ni do kele, chapati moja ni ek roti, mbili ni do rotiyan, lakini tofaa ni seb, liwe moja au kumi. Usiwaeleze watoto sarufi hii. Waambie tu vitu vya mezani kwenu kwa Kihindi wakati wa kula, jozi kwa jozi, na sikio litafanya kazi yake.

Sasa noti. Kama ningeruhusiwa chombo kimoja tu cha kumfundishia mtoto namba za India, ningechukua noti za nchi hiyo, kwa maana mbele zina Mahatma Gandhi na nyuma kila noti ina mahali pake. Noti ya rupia 10, das, ina gurudumu la hekalu la Jua la Konark katika jimbo la Odisha, jengo la karne ya 13 lililochongwa kwa umbo la gari kubwa lenye magurudumu 24. Ya 20, bis, ina mapango ya Ellora, Maharashtra, ambako mahekalu na nyumba za watawa 34 za Wabudha, za Wahindu na za Wajaini zimechongwa katika ukuta mmoja wa mwamba. Ya 50, pachas, ina gari la mawe la Hampi, Karnataka. Ya 100, sau, ina Rani ki Vav, kisima cha Patan katika Gujarat kilichochimbwa karne ya 11, ambacho watu walikiteremkia kwa ngazi za madaraja saba chini ya ardhi, kuta zote zikiwa na michoro ya kuchonga. Mweleze mwanao kwamba ni kama ghorofa lililojengwa kwenda chini ili kufuata maji, na utaona macho yake. Ya 200, do sau, ina stupa, yaani kuba takatifu la Wabudha, ya Sanchi, Madhya Pradesh, ambayo asili yake ni enzi ya mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Ya 500, panch sau, ina Lal Qila, ngome nyekundu ya mfalme Shah Jahan, na hiyo mtaiona kwa macho kwa sababu iko Delhi. Nyuma ya kila noti pana pia safu ya lugha 15 zinazotaja thamani yake, mbali na Kihindi na Kiingereza. Mwambie mkubwa azihesabu safu hizo kwa kidole mpaka pandrah. Atakuwa amejifunza 15, na atakuwa ameshajua kwamba India ni nchi ya watu wengi, jambo ambalo nitalirudia.

Chora noti hizo kwenye karatasi ngumu kwa mkono, watoto wapake rangi. (Usitoe nakala ya noti halisi kwenye mashine, kila nchi ina sheria zake kuhusu hilo.) Kisha fungueni duka sebuleni, na hapo makumi yote yatazaliwa bila chati. Bis na das ni tis, 30. Bis na bis ni chalis, 40. Pachas na das ni sath, 60. Pachas na bis ni sattar, 70. Ukiongeza das nyingine ni assi, 80. Tena nyingine ni nabbe, 90. Na ya mwisho inakamilisha sau. Watoto wa India ya kaskazini wana shairi la kuhesabia wanapochagua nani atolewe mchezoni, na ndani yake mna maneno assi, nabbe, pure sau, yaani themanini, tisini, mia kamili. Mwanao akifika kwenye uwanja wa mtaa anazijua namba tatu hizo atakuta ameshashika nusu ya shairi.

Jambo linalofuata karibu kila kitabu cha watoto huliruka, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko 37 na 68 zote zikijumlishwa. Kihindi kina maneno ya pekee kwa nusu na robo, na yanasikika kutwa nzima. Moja na nusu ni dedh. Mbili na nusu ni dhai. Kuanzia tatu, nusu huongezwa kwa neno sadhe: sadhe tin ni tatu na nusu, sadhe char ni nne na nusu. Robo inayozidi ni sava, na robo inayopungua ni paune, kwa hiyo paune do ni moja na robo tatu. Maneno haya hayaishii kwenye sehemu ndogo, hupanda hadi mamia: dedh sau ni 150, dhai sau ni 250, sava sau ni 125. Ukienda kununua jibini laini wanaloliita paneer, utasikia wateja wakiomba dhai sau gram, na dereva wa bajaji, ambayo Delhi wenyewe huiita auto, anaweza kukutajia dedh sau. Asiyelijua neno dedh atasikia sau peke yake, akatoa mia moja, na ubishi utaanza.

Kwenye saa maneno hayo hayo hukutana na tatizo la kwetu. Wahindi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, si kuanzia macheo kama sisi. Sat baje ya asubuhi ni saa yetu moja asubuhi, wala si saa saba. Dedh baje ya mchana ni saa saba na nusu mchana, na sadhe tin baje ni saa tisa na nusu alasiri. Mtoto wa miaka mitano hana shida kwa sababu saa hajaijua bado; mfundishe ya huko moja kwa moja. Wa miaka minane ameshazoea saa ya Kiswahili, na usimwambie atoe sita au aongeze sita kichwani kila mara. Mchoreeni saa mbili za karatasi kando kwa kando, moja ya Morogoro na moja ya Delhi, na kila siku apange mishale ya zote mbili kwa jambo moja: kuamka, kula, kwenda shule. Kwa kuwa Delhi iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, baadaye saa hiyo hiyo itamsaidia kujua bibi yake anafanya nini wakati yeye anatoka shule.

Tarehe ni makazi mengine mazuri ya namba, na hapa msomaji wa Tanzania ana faida. Sisi tunaita siku Sabasaba na Nanenane na hakuna anayehitaji maelezo. Wahindi nao husema chhabbis janvari, ishirini na sita Januari, wakimaanisha Siku ya Jamhuri, siku ambayo katiba yao ilianza kutumika mwaka 1950, na Delhi hufanyika gwaride kubwa. Husema pandrah agast, kumi na tano Agosti, wakimaanisha uhuru wa mwaka 1947, siku ambayo waziri mkuu hupandisha bendera Lal Qila na anga la mji hujaa tiara za watoto. Husema do aktubar kwa siku ya kuzaliwa kwa Gandhi. Kwa siku tatu hizo mtoto amepata 26, 15 na 2, na ile 26 haitamtoka kichwani kwa sababu siku hiyo shule hazisomeshi. Mchoreeni bendera pia: huitwa tiranga, rangi tatu, na gurudumu la buluu la katikati lina njiti 24, chaubis. Kuzihesabu njiti hizo moja moja ni kazi ya dakika tano, na inampa mkubwa sababu ya kuvuka ishirini kwa ajili ya kitu badala ya kwa ajili ya ukuta.

Michezo nitaitaja kwa ufupi, maana watoto wataifundishana wenyewe mkishafika. Kriketi ya uchochoroni ina wachezaji wanaopaswa kuwa gyarah, 11, kwa kila upande, ingawa mtaani hucheza waliopo. Mrushaji hurusha mipira chhe kisha anampisha mwenzake. Na mpira ukifika mpakani kwa kubiringika watu hupiga kelele chauka, nne, ukipita juu bila kugusa chini ni chhakka, sita. Maneno hayo mawili, chauka na chhakka, ndiyo yanayotumika pia kwenye majedwali ya kuzidisha yanayoimbwa shuleni: do chauka ath, do chhakka barah. Kabaddi, mchezo wa kuvamiana na kukamatana, ina wachezaji sat kwa upande. Pitthu ni vijiwe saba vilivyopangwa mnara, vinaangushwa kwa mpira, kisha waliouangusha huupanga upya huku wakikimbizwa. Na kuna mchezo wa kokoto tano, panch gutte, kokoto moja juu na nyingine zikizolewa chini, ambao mtoto aliyewahi kucheza mdako ataujua kabla hajaelezwa.

Wafundishe pia namna ya kuhesabia vidole, kwa sababu ni kitu utakachokiona kwa wanawake wa sokoni na wazee kabla hujakielewa. Wengi hawafungui kidole kimoja kwa namba moja. Kidole gumba hutembea juu ya vipande vya vidole vingine vinne, vipande vitatu kwa kila kidole, na mkono mmoja unatosha kufika barah, 12. Ndizi kule huuzwa kwa darjan, yaani kumi na mbili, na muuzaji anayezihesabu mkononi namna hiyo hapotezi hesabu hata akiongea na wateja watatu. Mtoto wa miaka mitano akijifunza hilo atakuwa ameipata gyarah na barah katika mwili wake, mahali ambapo kumi za vidole zinamwishia.

Sasa suala la dini, ambalo ulikuwa na haki ya kuliuliza. Sehemu kubwa ya niliyoeleza, noti, saa, tarehe za kitaifa, michezo na soko, haina ibada ndani yake, ingawa majengo ya kwenye noti mengi yalijengwa kwa ajili ya ibada na ni vyema watoto wakaambiwa hivyo bila kuficha. Sikukuu ni jambo jingine. Mtakapokuwa Delhi mwezi wa Septemba au Oktoba mtakuta Navaratri, mausiku tisa, nau, ya Wahindu, na siku ya kumi ni Dashahra, ambapo sanamu kubwa za Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi katika kisa cha Ramayana, huchomwa moto viwanjani mbele ya umati. Mtoto yeyote atakumbuka das akishavihesabu vichwa hivyo kwenye picha. Kukijua kisa hicho ni kuwajua majirani; kushiriki katika puja ni kushiriki katika ibada. Mstari kati ya viwili hivyo uuweke wewe na mume wako kabla ya kuondoka, muwaambie watoto kwa maneno mepesi, na mkialikwa ulizeni tu: je, kutakuwa na puja, na je, sisi tunaweza kukaa pembeni? Katika nyumba nyingi swali hilo huulizwa na kujibiwa bila mtu kununa, kwa sababu mji huo una Wahindu, Waislamu, Masingasinga, Wakristo na Wajaini wanaoishi ukuta kwa ukuta na wameshazoea kuulizana nani anakula nini na nani haingii wapi.

Masingasinga wana desturi ambayo ningeipendekeza kwa familia yoyote ngeni. Katika gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada, kama Bangla Sahib, katikati ya Delhi, hutolewa chakula kiitwacho langar kwa mtu yeyote, wa dini yoyote, bila malipo. Watu huvua viatu, hufunika vichwa, huketi sakafuni kwa mistari, na wahudumu wa kujitolea hupita na vikapu vya roti. Roti hupokewa kwa mikono miwili. Mtoto ataulizwa kitni, ngapi, naye atajibu ek au do, na akishiba atasema bas, neno ambalo tayari analo kwa maana ile ile. Kila familia itaamua yenyewe kama kuingia humo kunakubaliana na imani yake, lakini mazungumzo yote anayoyahitaji mtoto pale yako ndani ya kumi za kwanza.

Desturi ya namba inayonivutia kuliko zote ni ya harusini. Zawadi ya fedha, shagun, haiwi mia kamili wala mia tano kamili. Huwa 11, 21, 51, 101 au 501, na maduka huuza bahasha ambazo sarafu ya rupia moja imeshabandikwa juu. Ukiwauliza watu sababu utapata majibu zaidi ya moja: kwamba namba inayoishia na sifuri imefika mwisho wakati ile moja ya ziada huanzisha upya, au kwamba namba hizo hazigawanyiki kwa mbili, kama ambavyo wanandoa hawatakiwi kugawanyika. Sina haja ya kuchagua jibu lililo sahihi. Mpe mkubwa bahasha na zile noti mlizochora, mwambie aandae shagun kwa harusi ya kuigiza, na atakuja kujua gyarah, ikkis, ikyavan na ek sau ek kwa mpigo mmoja. Hizo ni namba nne ambazo kwenye chati zingemchukua mwezi.

Kwa mkubwa huyo huyo, ambaye naona ni mtoto anayetaka kujua kwa nini, kuna mambo mawili ya ziada. La kwanza ni kwamba Kihindi hutaja mamoja kabla ya makumi: katika chaubis ile nne hutangulia ishirini, kinyume cha Kiswahili, sawa na Kiarabu. Kama amepita madrasa au ana rafiki aliyepita, mpangilio huo hautakuwa mgeni. La pili ni namba zinazoishia na tisa. 19 ni unnis, 29 ni untis, 39 ni untalis, 49 ni unchas, 59 ni unsath: kila moja ina un mwanzoni, na maana yake ni moja pungufu ya kumi linalofuata. Mwache aligundue mwenyewe, kisha mwonyeshe kwamba mchezo huu unavunjika mwishoni, kwa kuwa 89 ni navasi na 99 ni ninyanve. Watoto wa umri wake hupenda kanuni, lakini hupenda zaidi kuikamata kanuni ikidanganya.

Tarakimu za Devanagari, yaani maandishi ya Kihindi, १ २ ३ ४ ५, usiwabebeshe sasa. Katiba ya India yenyewe, katika ibara ya 343, ilichagua kwa shughuli za serikali kuu tarakimu za kimataifa tunazoziandika sisi, na Delhi bei, namba za mabasi na namba za nyumba mtazisoma bila shida. Zinaonekana kwenye noti, na inatosha watoto wazitafute hapo kama fumbo, wakionywa kwamba १ inafanana na tisa yetu lakini ni moja. Mkiwa mmeshatulia, na mkipata wikiendi ndefu, wapelekeni Gwalior, kusini mwa Delhi. Katika ngome ya huko kuna hekalu dogo la Chaturbhuj lenye maandishi ya mwaka 876 yanayotaja bustani yenye urefu wa mikono 270, na ile sifuri imechongwa pale ukutani kama kiduara kidogo, shunya, ambacho mtoto wa karne hii anakisoma bila kufundishwa.

Nilisema nitarudia jambo la watu wengi. Huenda huko Morogoro mna majirani au wenye maduka wa asili ya India, na ungedhani watakusaidia kufanya mazoezi. Waulize kwanza wanasema lugha gani nyumbani. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki chimbuko lao ni Gujarat na Kutch, na Kigujarati huhesabu ek, be, tran, char, panch. Mtoto akimwambia mzee wa Kigujarati do, ataeleweka, kwa sababu wengi wanakijua Kihindi pia, lakini akijibiwa be asidhani kwamba amekosea. Hali ni hiyo hiyo ndani ya India: mkienda likizo Chennai hesabu ni ya Kitamil, isiyo na uhusiano na hii. Kihindi ni lugha ya kaskazini na ya Delhi, nayo inawatosha kwa mnakokwenda.

Kwa muda uliobaki kabla ya safari, nisingejaribu kufanya yote haya. Kumi za kwanza kila siku mezani, kwa vyakula. Duka la noti za karatasi mara mbili au tatu kwa wiki, na mara nyingine wewe uwe mteja na mdogo awe muuzaji, anayeitwa bhaiya, kaka, kama wauzaji wanavyoitwa huko. Ile saa ya pili ya karatasi ukutani mahali chati ilipokuwa. Wafundishe sentensi moja kamili, Bhaiya, do kele dijiye, kaka, naomba ndizi mbili, kwa sababu dijiye ni namna ya heshima na mtoto anayeanza na heshima husaidiwa upesi. Mengine yaachieni Delhi. Wiki za mwanzo watoto watataka golgappe, vile viputo vya unga vilivyokaangwa ambavyo mchuuzi huvitoboa kwa kidole gumba, akavijaza viazi na dengu, akavichovya kwenye maji ya ukwaju na mnanaa, kisha akampa mteja kimoja kimoja huku hesabu ikienda, ek, do, tin. Chagueni mahali penye maji ya kuaminika, maana tumbo geni halina mzaha, na mwacheni mdogo ndiye ahesabu.